Farasi wa Nyambu

Yule jike wa manjano hakuwepo. Kipkemei alipiga magoti mbele ya tangi la kioo, akamulika kwa simu kila tawi la matumbawe ambalo farasi wa bahari hupenda kulishika kwa mkia. Waliobaki waliyumba taratibu kwa mkondo wa pampu, nyuso zao ndefu zikimkodolea macho kama wazee waliokatizwa mazungumzo. Alichovya kidole majini, akakionja. Chumvi ilikuwa sawa. Akanusa. Hapakuwa na harufu ya sabuni.

Jikoni, mkewe Agneta alikuwa akikoroga uji, mwiko ukigonga sufuria kwa utulivu ambao Kipkemei aliuona umezidi.

Kipkemei alikuwa fundi wa friji mtaani Tuwan, mjini Kitale. Ujanani alifanya kazi Kilifi, na huko ndiko alikomwoa Nyambu, Mtaita aliyefuga farasi wa bahari kama wengine wanavyofuga kuku. Walipohamia bara walikuja na tangi lao. Nyambu alimfundisha kukinga maji ya mvua na kuyatia chumvi ya mfuko, kuyeyusha uduvi wa barafu, na kungoja. Viumbe hawa hawana tumbo la kuweka akiba, alikuwa akisema. Ukiwasahau, wanakufa kimya. Nyambu naye alikufa kimya, kwa ugonjwa wa figo, na kwa miaka kadhaa nyumba ile haikuwa na sauti nyingine ila ya pampu. Hadi mwaka huu, mahindi yalipokuwa yakipandwa, alipomwoa Agneta wa Bungoma, mshonaji, aliyefiwa kama yeye.

Msimu huo huo farasi wakaanza kupotea.

Wa kwanza alipopotea, Kipkemei alikuwa amemwona Agneta akitoka sebuleni na kitu kidogo alichokikunja ndani ya kitambaa. Hakumuuliza. Aliogopa jibu, na baadaye akaona amechelewa kuuliza. Dada yake Jelimo, aliyewaletea viazi kutoka Saboti, ndiye aliyeyatoa maneno hadharani: mwanamke gani atakubali kulala nyumba moja na mali ya mwenzake inayopumua? Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Agneta akipangusa kioo, anatafuta nafasi. Asipopangusa, anajitenga na alichotenda. Aliponung'unika kwamba uduvi umejaza friji hata nyama imekosa mahali, Kipkemei aliyaweka maneno hayo akiba.

Alipopotea jike wa manjano, akatia kufuli mlango wa sebule. Wageni wakawa wanakaribishwa jikoni. Agneta aliutazama ufunguo ukining'inia shingoni mwa mumewe, akahamisha cherehani yake hadi mlango wa nyuma, akaendelea kushona.

Na bado dume akatoweka, yule mwenye mfuko uliojaa watoto, maana kwa farasi wa bahari baba ndiye anayebeba mimba. Kufuli lilikuwa halijaguswa. Mtu mwenye moyo mweupe angesimama hapo akafikiri. Kipkemei alifikiria ufunguo wa pili.

"Kama unamchukia Nyambu, sema," alimwambia wakiwa mezani. "Hawa wanyama wamekukosea nini?"

Agneta aliweka kikombe chini. "Mimi nilikuja kuolewa na wewe. Sikujua naolewa kwa jela."

Hakupaza sauti. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefunga nguo zake na kwenda kwa mama yake, kijijini Mabanga.

Kipkemei hakupata ile nafuu aliyoitarajia. Kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, aliamua kuwahamishia farasi waliobaki kwenye ndoo ya maji yao, kisha asafishe tangi zima. Akalitoa jiwe kubwa lenye matumbawe ya zambarau, lile aliloagiza Kilifi kuelekea harusi ili tangi nalo lipendeze, akaliweka ndani ya beseni. Maji yakachuruzika kutoka matunduni. Kisha gando likajitokeza. Lilifuatwa na kaa mweusi, mnene, mwenye manyoya miguuni, ambaye bila shaka alikuja akiwa mdogo ndani ya jiwe na kunenepea humo humo. Kipkemei alipolitikisa jiwe, vipande vya mikia vikadondoka, vigumu, vyenye pingili kama vya mua mdogo mno. Alikaa sakafuni akivitazama, kaa akikwaruza beseni.

Kesho yake alifika Mabanga. Mama mkwe wake, Mama Nangila, alipomwona alijitanda leso na kupita nyuma ya nyumba, na Kipkemei hakujua kama ile ilikuwa heshima ya mkwe au hasira. Agneta alikuwa uani, akichambua maharagwe yaliyoanikwa juu ya turubai. Kipkemei alimweleza akiwa amesimama: jiwe, kaa, mikia, na kwamba jiwe hilo aliliagiza mwenyewe. Akaomba msamaha. Agneta aliendelea kuokota vijiwe na kuvitupa kando.

"Ile ya kwanza nilichukua mimi," alisema hatimaye. "Nilipata imeanguka chini ya maji, haina kichwa. Nikajua ukiona utasema ni mimi. Nikaitupa kwa choo."

Ile shaka ya zamani ilimrudia Kipkemei, hata sasa, na alijichukia kwa kuisikia. "Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Kipkemei alivitazama vijiwe vilivyorundikana kando ya turubai.

"Na leo nani anawalisha?" Agneta akauliza.

"Hakuna."

Upande wa Mlima Elgon mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya risasi, na upepo ukaanza kupekua majani ya migomba. Agneta aliinuka, akashika pembe mbili za turubai, akasimama hivyo, bila kumwita wala kumwambia aondoke. Kipkemei akainama, akashika pembe za upande wake. Maharagwe yakaanza kuteremka kuelekea katikati, kwa mvumo mzito, na tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya turubai.