Masizi Yaliyomshinda Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa na usafi wa kupitiliza. Alifagia ua mara tatu kwa siku, akipiga deki alivuka hadi ngazi za jirani, na mtaa mzima ukambandika jina Bi Kung'ara. Basi shina la mti wake wa uani lilipoingia weusi kule chini, karibu na mizizi, alilisugua kwa waya wa kuoshea sufuria na sabuni ya unga. Huu ulikuwa mwaka wa pili analisugua.

Mke wa mwanawe, mkaguzi wa miti, aligundua jambo hilo siku moja alipokuja kumchukua binti yake. Mtoto alilala kila mchana chumbani kwa bibi, na mti ulikiinamia chumba hicho hicho. Nyuma ya tangi la maji lililobanana na shina, ambako waya haukufika, gamba jeusi lilikuwa limeganda juu ya gome. Mkaguzi akapiga magoti, akalibonyeza kwa ukucha. Likamegeka, kavu kama mkaa. Lilijaa vijipele, na pembeni, palipokuwa bado pachanga, lilikuwa la kijivu lenye ukingo mweupe. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Kazi yake aliijua.

"Mama, mti huu una kuvu. Ukatwe wiki hii."

"Kuvu wapi! Hayo masizi, mwanangu. Hebu tazama juu. Mgonjwa gani ana majani kama yale?"

Majani yalikuwa mabichi kweli. Ubaya wa kuvu hii ndio huo: hula mti kwa ndani, majani ikawaachia watu wayasifu.

"Niliupanda siku niliyotoka hospitali na mumeo mikononi. Msumeno hauingii hapa."

Kwa mtu mwingine mkaguzi angejaza fomu akaenda zake. Lakini mama mkwe haandikiwi fomu. Akauliza kwa upole, "Mama, masizi ya sufuria ukishayasugua, yanarudi?"

"Kama sijapika, yarudi vipi?"

"Na haya?"

Bi Kung'ara akalitazama shina. Kila mwezi yalirudi, tena mapana zaidi. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Haya yamenishinda," alisema, macho chini.

"Hujashindwa na uchafu, Mama. Masizi hayaoti. Hiki kitu kiko hai, na nyuzi zake zimo ndani ya mti, waya wako hauzifikii."

"Kumbe si uchafu?"

"Si uchafu hata chembe."

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. "Basi waite hao watu wako."

Walikuja Alhamisi, wakaufunga mti kamba za kuuvutia uani. Msumeno haujafika hata robo ya shina, mti ukakatika wenyewe kwa mlio wa sahani inayovunjika. Kamba ndizo zilizookoa paa. Kwenye kisiki, mistari myeusi ilijipindapinda ndani ya mbao iliyopauka. Bi Kung'ara akatazama kisiki, akatazama dirisha la chumba chake, kisha akambeba mjukuu na kumkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alilia mbele za watu wote, wala hakujali.

Ukienda nyumba ile leo, utavua viatu mlangoni na kufutishwa miguu mara mbili. Sebuleni, juu ya kisahani cheupe, utakuta kipande cha gamba jeusi kinachopukutisha unga wake. Ole wake atakayekigusa kwa kitambaa.