Kiti cha Bi Upawa

Katika ukoo ule nyama haiachiwi mtu wa nje. Unaweza kumwachia jirani ufunguo wa nyumba, unaweza kumwachia hata mtoto, lakini sufuria ya nyama kwenye shughuli yoyote lazima isimamiwe na mtu wa damu, anayejua nani apewe mnofu na nani atosheke na mfupa asinune. Na mtu huyo, kwa miaka yote ambayo watu wanaikumbuka, alikuwa mmoja tu: mdogo wake mama mwenye nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Upawa, naye akaitika.

Alikuja kwa dada yake kumsaidia kulea mtoto mchanga, kwa muda tu, mpaka dada apate nguvu. Dada alipata nguvu siku nyingi, akarudi kazini, akapanda cheo, akanenepa. Bi Upawa akabaki. Wachumba wawili watatu walipiga hodi, wakaambiwa wasubiri kidogo mtoto aanze shule, na wanaume kusubiri hawakuumbiwa. Yule mtoto mchanga ndiye sasa bibi harusi, na siku moja walikaa sebuleni kuamua wageni wa harusi watakula vipi.

Mwenye kampuni ya chakula, mwanamke wa sauti ya upole wa kibiashara, aliwawekea njia mbili. Ya kwanza bufee: vyakula vipangwe ukumbini, watu wapange foleni, kila mtu apakuliwe anachotaka. Ya pili, wageni wakae kwenye viti vyao waletewe sahani mezani, kila mmoja na yake, imeshapakuliwa jikoni. Dada mtu akasema bufee, hakuna hata la kujadili. Shemeji akamuunga mkono, maana ndugu zake wanajulikana, sahani moja kwao ni kionjo. Bibi harusi alikuwa anachezea simu, akasema lolote sawa.

Ndipo Bi Upawa, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akasema waletewe mezani.

Watu waligeuka kana kwamba kabati limesema. Lakini alikuwa na hoja, tena alizipanga toka jana yake. Wazee na magongo yao hawawezi foleni. Wa mbele huzoa minofu yote, wa nyuma wakakuta mchuzi na pole. Na wakwe je? Waje siku ya kwanza tu wasukumane na watoto wa watu kwa ajili ya wali? Alisema mengi siku ile kuliko aliyosema mwaka mzima. Neno la wakwe ndilo lililomwingia dada mtu, kwa sababu dada mtu alikuwa radhi alale na njaa kuliko kusemwa na wakwe. Bibi harusi akainua macho kwenye simu, akasema Mama mdogo ana akili, waletewe mezani. Ikapita.

Hoja zote zilikuwa za kweli, na hata moja haikuwa yake. Yake hakuitoa mbele za watu. Kwenye bufee lazima mtu wa damu asimame nyuma ya sufuria ya nyama, na mtu huyo tumeshamtaja. Alisimama pale kwenye harusi za mawifi wa dada yake, kwenye misiba, kwenye mahafali, hata siku dada mwenyewe alipofanyiwa sherehe ya cheo. Ukifungua albamu ya familia utamkuta karibu kwenye kila picha: mkono, kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini, umeshika upawa, pembeni. Uso haupo. Alitaka siku moja tu, siku ya mtoto aliyemlea yeye, aketi kwenye kiti kilichovishwa kitambaa, mtu mwingine aje kwa nyuma amwekee sahani mbele yake. Hotuba hakuitaka, wala zawadi. Alitaka kuketi na kula.

Akaenda kwa fundi cherehani, akashonesha gauni la mikono mirefu, ya kubana, yenye ushanga kwenye vifundo. Fundi, ambaye ameshakula kwa mkono wake mara nyingi, akamuuliza kama mikono hiyo haitamtia tabu wakati wa kupakua. Bi Upawa akamwambia siku hiyo hapakui, na alilisema kwa raha mpaka fundi akacheka naye. Akamwambia na muuza mboga, na jirani, na kinyozi wa kona ambaye hata hakuuliza. Akiwa peke yake jikoni alijaribu atakavyokaa: mgongo wima, mikono mapajani, na asiseme asante haraka haraka kama mtu asiyezoea.

Mtoto mwenyewe alimpenda, hilo tusimsingizie. Tangu anaota meno hakukubali kula kwa mkono mwingine. Akitoka shule, neno la kwanza mlangoni halikuwa shikamoo wala nimerudi, lilikuwa "Mama mdogo, nipakulie." Alimaliza chuo bado anasema hivyo. Akaajiriwa, akachumbiwa, na wiki ile ile ya harusi alikuwa anakaa mezani anangoja kupakuliwa, na sufuria iko mbele ya pua yake.

Siku ikafika. Ukumbi ulipambwa vitambaa vyeupe kila mahali, na mbele ya kila kiti kikawekwa kikadi chenye jina la mwenye kiti. Bi Upawa alifika mapema, na gauni lake, na viatu vilivyomminya kidogo lakini vya kupendeza. Alianzia meza ya mbele, bila haraka. Pale kulikuwa na mama, baba, wakwe, na bosi wa dada mtu. Meza iliyofuata ilikuwa ya mashangazi na wajomba, hadi yule shangazi anayeonekana siku za kula tu. Akashuka meza nyingine, na nyingine, sasa akisoma haraka, ameinama. Alimaliza ukumbi mzima mpaka meza ya madereva karibu na mlango. Wapambaji walidhani anakagua kazi yao, wakamwambia kila kitu kiko sawa, mama, usiwe na wasiwasi.

Alimkuta bibi harusi chumba cha pembeni, anarekebishwa shela. Akamuuliza kwa sauti ndogo kiti chake kiko wapi, huenda kikadi kimedondoka.

"Kiti?" Bibi harusi alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, hapo ndipo palipouma. "Mama mdogo, wewe si utakuwa jikoni? Niliwaambia mapema wale wapishi, nyama asiiguse mtu mpaka uwepo. Nimwamini nani mwingine?"

Akambusu hewani, asiharibu rangi ya mdomo.

Kwake yeye bibi harusi ilikuwa heshima. Alikuwa amempa cheo. Bi Upawa angetukanwa ingekuwa nafuu, maana tusi lina pa kujibiwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki alikichimba kwa mikono miwili. Kwenye bufee angalau angesimama ukumbini, watu wangemsalimu, mpiga picha angeupata mkono wake. Chakula cha kuletewa mezani kinapakuliwa nyuma ya mlango, na nyuma ya mlango hakuna picha.

Angeweza kwenda nyumbani. Alilifikiria hilo, kitasa kiko mkononi. Lakini nyama ilikuwa imeiva, wageni wanaingia, na miguu nayo ina mazoea yake, ikampeleka jikoni. Akavua viatu. Akaikunja ile mikono ya gauni mpaka mshono ukaachia. Ushanga mmoja ukadondokea kwenye mchuzi, akautoa kwa upawa, akaendelea. Mnofu kwa wakwe. Laini kwa wazee wasio na meno. Kwa bosi wa dada mtu, kipande kikubwa kuliko haki yake. Mwenye kampuni ya chakula alipita akamuuliza kama amekula, akajibu kwamba tayari.

Wahudumu waliingia na kutoka, na kila mlango ulipofunguka kipande cha hotuba kiliingia nao. Akamsikia shemeji akimshukuru bosi. Mlango ukajifunga. Akasikia wapambaji wakishukuriwa. Mlango ukajifunga. Ulipofunguka tena ilikuwa sauti ya dada yake, imelowa machozi, inawaambia watu kulea si mchezo, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukumbi ukapiga makofi. Mwana huyo alipougua surua, aliyekesha naye ni Bi Upawa. Mzazi alikuwa safarini kikazi. Fadhila za punda kila mtu anazijua, na kwa kuwa tuko mbele ya chakula hatutazitaja. Hakulia. Alikuwa na hasira, hasira nzito isiyo na wa kumtupia, akaisukuma chini akapakua sahani nyingine.

Alasiri, muziki ulipokuwa umepamba moto, mlango wa jikoni ulisukumwa na mtu asiyebeba sahani. Bibi harusi aliingia, pindo la gauni ameliinua kwa mkono mmoja. Akalalamika kwamba meza ya mbele si ya kula, ni ya kutazamwa, kamera hapa, kamera pale, sahani yake imerudi kama ilivyokwenda. Tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Akavuta stuli ya pekee iliyokuwa jikoni, ambayo Bi Upawa hakuikalia siku nzima, akaketi, akajipepea.

"Mama mdogo," akasema, "nipakulie."

Upawa ulikuwa mkononi. Mkono ulikwishaanza kwenda kwenye sufuria wenyewe, bila kuuliza ruhusa. Bi Upawa aliuona ukienda, kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini, kama kwenye zile picha. Akausimamisha. Akaulaza upawa mezani, mpini ukimwelekea mtoto.

"Sahani ziko pale," akasema. "Jipakulie."

Bibi harusi alicheka, akidhani ni utani wa siku ya furaha. Akangoja kicheko cha mwenzake. Kilipokosekana akasimama taratibu, akauliza sahani zipi, akajitafutia. Aliushika upawa chini kabisa, karibu na mchuzi, kama anayeshika kalamu, akachota mchuzi mtupu usio na nyama, na nusu yake ikamwagikia kifuani, kwenye ule weupe wote. Akageuka kumtazama mama yake mdogo kwa macho yale yale ya mtoto mwenye surua.

Macho yale yalimuuma Bi Upawa, kwa sababu kumpenda hakuwa ameacha. Alitaka kumwendea na kitambaa, kumfuta, kumwambia lete hapa. Badala yake aliivuta ile stuli iliyoachwa wazi, akaketi, mgongo wima, mikono mapajani, kama alivyojizoeza. Akakaa hivyo hivyo mpaka muziki ukaisha, na hakuna aliyemletea kitu.