Pembeni mwa Dubu

Ulikuwemo kwenye boti ile, usibishe. Ulikaa upande wa kushoto, ukamwona, ukageuza shingo kama mtu aliyeitwa. Sasa tulia uhadithiwe ulichokiona.

Jumapili, maonyesho ya biashara ya Pazhou yalipokwisha, Watanzania wa Guangzhou, huko China, walitoka matembezi ya boti kwenda kutazama wanyama wa kaskazini. Aliyepanga ni Dullah, wakala wa makontena na mwenyekiti wao. Boti iliondoka gatini asubuhi, ikapita chini ya madaraja, na kabla ya chakula cha mchana mto ulikuwa umeganda kingo zote mbili. Wahudumu wakagawa makoti. Watu wakala wali kwa kuku, wakatazama nyangumi.

Kauthar alikaa nyuma, peke yake kwenye benchi la watu watatu. Tangu mdogo wake Ahmada afe kwa homa katika chumba chao cha mtaa wa Kangle, hakuna aliyemkaribia, maana aliyemkaribia aliombwa jambo. Lenyewe dogo. Mochwari ilitaka Mtanzania mwenye viza hai aende na pasipoti, aitambue maiti, atie sahihi. Viza ya Kauthar ilikwisha mwaka jana. Akienda yeye, wanamshika mlangoni. Asipotokea mtu, Ijumaa Ahmada anachomwa moto. Muislamu, mtoto wa Unguja, achomwe kama maboksi.

"Upande wa kushoto," kipaza sauti kikasema, "dubu mweupe na mtoto wake. Pembeni mwa dubu, mtu wa Afrika Mashariki."

Ahmada alikuwa amekaa juu ya barafu na shati lake la buluu la mikono mifupi, lile alilofia. Mtoto wa dubu alimlalia miguuni. Simu zikainuliwa.

"Dada," akaita, "hata shuka hukuniletea?"

"Nilidhani umeshalala."

"Hapa halali mtu. Baridi." Akanyoosha shingo. "Dullah, hata salamu, mwenyekiti? Hiyo jinzi nani alikuchagulia kule kwenye soko la Xintang? Kiuno chako nakijua mimi kuliko fundi wako."

Wawili watatu wakacheka. Dullah alikuwa anatafuta mtandao.

"Dullah," Kauthar akasema, "ni kutia sahihi tu."

"Dada Kauthar, nina kontena linafungwa wiki hii. Polisi wakianza kuuliza, hawaishii kwa maiti. Mtafute mwingine."

"Mwingine nani?"

Dullah akawatazama wengine. Wengine wakatazama nyangumi, ingawa nyangumi walishaondoka zamani.

Huyu Ahmada, mwaka ule wa korona, wenye nyumba walipotutupa barabarani na mabegi yetu, ndiye aliyeilaza nusu ya boti ile chumbani kwake, yeye akalala kizingitini. Dullah alipewa godoro. Wengine mmesahau. Mimi sisahau.

Kauthar akavua mtandio wake, akaurusha. Ulifika. Ahmada akajifunika, ukaishia magotini.

"Mfupi," akasema, "lakini ahsante."

Nahodha akaeleza kwa upole kwamba haruhusiwi kumpakia mtu ambaye hajatiliwa sahihi, akageuza boti. Jioni wote walikuwa gatini wakitoka jasho, makoti yamerudishwa. Wakaagana kwa makundi. Kauthar akashuka ngazi za metro kichwa wazi, na viti viwili vya pembeni yake vikabaki vitupu mpaka kituo cha mwisho.

Picha yako ya dubu imetoka vizuri, umeiweka watu waione. Ahmada umemkata. Ila pindo la mtandio limebaki pembeni, na kila ukiifungua limesogea kidogo kuelekea katikati.

Leo ni Alhamisi. Mochwari iko wazi mpaka jioni. Viza yako hai, najua, tulikuwa foleni moja; mimi wakaninyima. Kwa hiyo acha kusoma. Chukua pasipoti, vaa viatu, nenda kamtoe yule mtu kwenye baridi.