Gichiaro Ndani ya Mashine Pepe

Watu wengine hustaafu wakafuga kuku. Mzee Kithinji wa Kianjai alistaafu akafuga kompyuta, na zote nne zililala ndani ya laptopu moja iliyopasuka pembe.

"Nne?" watu waliuliza.

"Nne. Ya nje ndiyo nyumba, hizo nyingine ni wapangaji. Kila mpangaji ana saa yake na diski yake, na anadhani yuko peke yake duniani."

Na hapo hakudanganya, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra. Alikuwa amejifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichokosa kurasa sitini za mwanzo, ndiyo maana alijua kutengeneza kila kitu isipokuwa kuwasha. Aliweka programu ya mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, na ndani yake akapandisha mifumo ya uendeshaji kama mtu anayepandisha ghorofa bila ramani. Chumvi ilifuata baadaye: kwamba siku umeme ulipopotea Tigania nzima, mpangaji wa tatu aliendelea na kazi kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa mpangaji mzee, Windows ya mwaka tisini na nane. Humo tu ndimo ilimofunguka programu fulani ya kale, na katika programu hiyo faili moja tu: kumbukumbu za ukoo. Nani alizaa nani, na zaidi ya yote, ukoo una gichiaro na akina nani. Gichiaro ni undugu wa kiapo baina ya koo mbili. Ndugu wa namna hiyo akibisha hodi humnyimi kitu, humdanganyi, na watoto wenu hawaoani kamwe. Zamani mambo haya yalikaa kwenye madaftari. Kithinji aliyachapa mwaka wa tisini na tisa, kisha akayachoma. "Karatasi ni chakula cha mchwa," alisema mbele ya moto, na wazee wakampigia makofi, maskini.

Basi siku moja mjukuu wake Kinya akamjia.

"Guka, nimepata mtu. Anaitwa Njeru. Kwao ni Embu, pale Kanja."

"Kanja ipi?"

"Kwani ziko ngapi? Nyanya yake ni Ciakuthii. Anasema anakujua vizuri sana."

Chai ilimpandia Kithinji puani.

Alimjua, ndiyo. Miaka ya themanini alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo huko Kanja, kijana mwenye njaa na pikipiki ya serikali. Jioni moja alimwambia mume wa Ciakuthii, marehemu Rwamba, kwamba koo zao mbili zilikuwa na gichiaro tangu enzi za mababu. Aliitunga hadithi hiyo pale pale, akinusa harufu ya nyama. Kwa miaka mitatu hakupika. Na alipokuja kuzichapa kumbukumbu, akauongeza mstari wa Kanja, ili maandishi yasipingane na mdomo wake. Sasa mstari huo ulikuwa umesimama katikati ya njia, kati ya Kinya na harusi yake.

Wageni walitarajiwa Jumamosi saa sita. Saa tatu asubuhi Kithinji alimwamsha mpangaji mzee, akairudisha saa yake hadi mwaka wa tisini na tisa ili faili ionekane haikuguswa, akaufuta mstari, akahifadhi, akaizima mashine. Kisha akaoga, akiimba chinichini wimbo wa kanisani.

Alichosahau ni kwamba mwaka uliopita, kwa kuogopa virusi, aliiagiza mashine ile kila ikizimwa irudi katika hali aliyoipiga picha siku hiyo. Lolote utakalofanya ndani yake, ikilala inalisahau. Alijisifia jambo hilo soko zima. Aliyekuwa hajalisikia sawasawa ni yeye.

Ciakuthii alifika na fimbo, na Njeru nyuma yake akibeba kikapu kama mtu anayebeba kesi. Kabla ya kuonja uji, yule nyanya akamgeukia Kaburu, mzee wa ukoo wa akina Kithinji.

"Mimi sikuja kuposa," alisema. "Nimekuja kuwaambia ana kwa ana. Huyu Kithinji ni gichiaro wetu. Msichana nampenda, lakini siwezi kuwaletea watoto laana."

Kinya alimwangalia babu yake. Macho ya msichana yalikuwa yamejaa machozi tayari.

"Si kila kitu kiko kwa mashine?" Kaburu alisema. "Fungua, Kithinji. Mashine ndiyo itaamua."

"Itaamua," Kithinji alijibu, kifua mbele. Akafungua, akateremka polepole hadi kwenye orodha, akamgeuzia Kaburu skrini bila hata kuitazama. Kaburu akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Watu wa Kanja, Embu. Gichiaro kikuu. Wasinyimane nyama."

Njeru akakiweka kikapu chini. Kinya akainuka aende zake jikoni, na Kithinji akamzibia mlango.

"Kinya, kaa," alisema. "Ni uongo. Niliutunga mimi. Nilikuwa na njaa."

Kaburu akacheka kwa huruma. "Wewe umedanganya tangu tulipotahiriwa. Leo ndiyo umekuwa mkweli, kwa sababu mjukuu analia? Mdomo wako tunaujua. Lakini mashine haikuwa na njaa, na faili inasema ni ya tisini na tisa."

Hapo ndipo Kithinji alipouona mtego wake wote. Kwa miaka ishirini na zaidi aliwafundisha watu hawa kuiamini mashine kuliko yeye, na walikuwa wamefuzu. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kujivunia. Akavuta pumzi.

"Mzee Kaburu, mwaka wa themanini kulikuwa na kompyuta hapa Kianjai?"

"Hata taa hazikuwa."

"Tazama basi." Akaibonyeza saa ya mpangaji mzee, akairudisha hadi Januari ya mwaka wa themanini. Akaandika kwa vidole viwili, akahifadhi, akamwonyesha. "Soma na tarehe."

Kaburu akasoma. "Ukoo wa Kaburu una gichiaro na punda wote wa soko la Kianjai. Hauruhusiwi kuwapiga, kuwapanda, wala kuwanyima..." Akaangalia tarehe. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

Ciakuthii ndiye aliyeanza kucheka, akaangusha fimbo. "Uui, Rwamba wangu! Alikuwa akikuwekea mbavu, mimi nakula mifupa!"

"Mnaona?" Kithinji alisema, uso ukimwaka. "Inasema unachoiambia. Ni muongo kama mimi, tofauti ni kwamba yenyewe huwekewa stima."

Ciakuthii akajifuta machozi, akamwita Kinya aketi kando yake, akamshika mkono. "Basi niletee uji, mwanangu. Sasa nimekuja kuposa."

Nyumba ikafurahi, isipokuwa Kaburu. Yeye alibaki mbele ya skrini, akiteremka na orodha kwa kidole kimoja.

"Kithinji. Hapa kuna watu wa Muthara. Mwaka wa elfu mbili na tatu, nikiwa mgane, nilitaka kumwoa Karwirwa wa Muthara. Ukaniambia ni gichiaro. Nikamwacha."

"Nakumbuka."

"Hii ni ya daftari, ama ni ya njaa?"

Kithinji aliutazama ule mstari. Aliutafuta kichwani daftari kwa daftari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuweza kujua kama alichokisema kilikuwa kweli ama uongo wake.

"Sijui," alisema. "Wallahi, sijui."

Kaburu akaifunika laptopu. Kisha akaagiza daftari jipya na kalamu. Kila mstari, alisema, utaulizwa upya kwa wazee wa pande zote mbili, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Kithinji ataandika, na haruhusiwi kufungua mdomo hadi ukurasa wa mwisho.

"Tunaanza lini?" Kithinji aliuliza.

"Jumatatu asubuhi." Kaburu alikuwa tayari anajipangusa vumbi kwenye kola ya koti. "Na tunaanzia Muthara."