Samaki Mbichi wa Bi Tabu

Inzi Bi Tabu aliwazoea. Moshi wa kuni mbichi aliuzoea. Kitu kimoja tu kilimshinda kukizoea: sahani inayorudi jikoni nusu, na mwenye kuirudisha anatabasamu na kusema, "Kitamu sana, Mama Tabu."

Sasa kama ni kitamu si umalize? Wiki ya tano hii mtu anasema kitamu, kitamu, na wali umebaki mlima mzima! Bi Tabu aliipokea sahani ile kwa mikono miwili, akasema, "Asante, karibu tena," kisha akaingia jikoni na kuibwaga mezani kwa kishindo hadi msaidizi wake Enesi, mwanamke mtu mzima wa Igamba, akashtuka na kudondosha mwiko.

Mla nusu huyo alikuwa Bwana Kawabe, Mjapani aliyeletwa kuchimba visima katika vijiji vipya. Alikuwa mwembamba, mpole, na kila anapoingia au kutoka alikuwa anainama kana kwamba mlango ni mfupi. Tunduma nzima ilimwita Mchina, maana Wachina wa reli ndio waliozoeleka. Kila mara yeye alisimama, akainama, akasema, "Mjapani." Na kesho yake wakamwita Mchina tena.

Hoteli ya Bi Tabu ilikuwa na meza tano, hatua chache kutoka kizuizi cha mpaka, na wateja wake wakubwa walikuwa madereva wa malori na Wazambia wanaovuka kutoka Nakonde. Marehemu mumewe alikuwa dereva pia, ndiye aliyemtoa Ujiji na kumleta kwenye baridi hii. Na mtu wa Ujiji, ukitaka kumtukana, mwambie hajui samaki. Bi Tabu alijua samaki, na alijua kukoleza. Madereva walikunywa maji mengi wakila kwake, na yeye aliona hiyo ni dalili ya mtu kushiba vizuri.

Ila mwaka ule mvua zilikuwa zimekata na mchele ulipatikana kwa mgao. Kamati ya mgao ilikuwa imeamua kwamba Tunduma itapewa mchele wa hoteli moja tu. Zilibaki mbili za kuchaguliwa: ya Bi Tabu, na ya Osea ng'ambo ya barabara, ambaye wali wake ulikuwa bokoboko tangu siku alipozaliwa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Nathanaeli, Mkristo mzito wa Mbozi Mission asiyependa utani, alimwambia Bi Tabu waziwazi.

"Mgeni anakula kwako. Jumamosi atakuja mkutanoni aseme anavyohudumiwa. Akisema vizuri, mchele ni wako. Akilalamika, utaniwia radhi, dada yangu."

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Bila mchele hakuna hoteli. Nani atashuka kwenye lori kufuata ugali, ambao hata utingo wake anajua kuusonga? Na shahidi pekee aliyenaye ni mtu anayeacha nusu sahani!

Jumatatu akamkalisha kitako. "Bwana Kawabe, wewe niambie ukweli. Unataka kula nini?"

Kawabe akaona haya, akatoa kijidaftari chake cha maneno ya Kiswahili, akapekua, akasoma kwa taratibu: "Samaki. Mbichi. Kama nyumbani."

Loo! Bi Tabu nusura ampige busu. Kumbe ni hilo tu! Siku zote alikuwa akimpikia samaki wakavu wa Rukwa, wale wagumu wa chumvi, na mwenzake anataka wabichi. Si angesema! Jioni ileile alimkamata Shaban, dereva wa lori la Kamsamba, karibu na Ziwa Rukwa, akamwapia kwamba asiporudi na samaki wabichi asikanyage tena hotelini kwake.

Shaban hakufanya mchezo. Jumanne adhuhuri alishuka na perege wanane wamefungwa kwenye gunia lililoloweshwa, macho bado yanang'aa. Bi Tabu akawapaka chumvi, akawakaanga wakawa rangi ya shaba, akawamwagia nyanya na vitunguu. Madereva walitoka meza zao wakaja kunusa.

Kawabe alimtazama samaki, akainama, akala upande mmoja. Upande wa pili akauacha. "Kitamu sana, Mama Tabu." Akasita. "Lakini... mbichi?"

"Mbichi ndiyo huyo!"

"Mbichi," alisema Kawabe kwa upole uleule, kama mtu anayeomba radhi.

Bi Tabu alihisi damu ikimpanda. Anamwambia nini huyu? Kwamba samaki amelala? Yeye, mtoto wa Ujiji, auze samaki aliyelala? Aliingia jikoni akamtolea Enesi hasira zote. "Ati si mbichi! Ametoka ziwani jana, bado anataka kuogelea, ati si mbichi! Anataka nimletee ziwa lenyewe?"

Shaban kwa bahati alikuwa anarudi Kamsamba siku hiyohiyo. Jumatano asubuhi, Mungu amjalie, alifika na debe la maji, na ndani ya debe perege watatu wazima wakipiga mikia. Maji yalikuwa yamemlowesha suruali yote na hakuacha kulalamika mpaka alipopewa chai.

Bi Tabu alimpelekea Kawabe debe lenyewe. "Haya! Na huyu je?"

Uso wa Mjapani ukafunguka kama wa mtoto. Akapiga makofi, akavuta kisu, akaonyesha kwa mkono: kata hivi, vipande vyembamba hivi, chumvi, ndimu, weka juu ya wali. Bi Tabu akaonyesha kikaango. Kawabe akatikisa kichwa. Bi Tabu akaonyesha jiko. Kawabe akatikisa kichwa tena. Akaashiria moto, akauzima kwa mkono.

"Mwee!" Enesi alishika kiuno. "Dada, huyu anataka kumla bila moto!"

Hapo ndipo walipoelewana. Mbichi ya Bi Tabu ilikuwa ya samaki ambaye hajakaushwa. Mbichi ya Kawabe ilikuwa ya samaki ambaye hajaonja moto kabisa. Neno moja, na watu wawili wamelihangaikia siku tatu!

Na si samaki tu. Wali nao, alieleza Kawabe kwa mikono na kijidaftari, uwe wa baridi, utiwe siki na sukari kidogo. Siki Tunduma haikuwepo, basi ndimu zingetosha. Wali wa baridi wenye ukali! Kwa lugha ya watu wazima hicho ni kiporo, na mgeni hapewi kiporo hata kama nyumba imeungua. Enesi alicheka mpaka akakaa chini. "Wali uliochacha," alimwambia Kawabe huku akijifuta machozi. "Hicho kinaitwa wali uliochacha!" Kawabe akainama, akaliandika neno lile kijidaftarini kwa makini, akaomba arudiwe herufi moja moja. Akatoka kwenda kwenye mashine yake, akaahidi kurudi saa saba.

Wali ulikuwa kazi nyepesi. Bi Tabu akauacha upoe, akakamua ndimu, akatia sukari yake ya mwisho. Kwa samaki mikono ikagoma. Alishika kisu, akakiweka. Akakishika, akakiweka. Na akimwumiza tumbo mgeni wa serikali? Akimfia hapa mezani, bwana afya aje na kufuli? Wallahi sithubutu, alijisemea. Akafunga mlango wa jikoni, akawafunga samaki kwenye jani la mgomba, akawaweka juu ya mvuke mpaka waive kabisa. Halafu akawakata vipande vyembamba, akawamiminia ndimu, akawapanga juu ya wali.

"Dada, ataona," alinong'ona Enesi.

"Ataona nini? Ndimu humfanya samaki awe mweupe hata asipoguswa na moto. Nani atajua?"

Kawabe alirudi saa saba. Alikaa wima, akaunganisha viganja, akala. Kipande cha kwanza alikitafuna polepole sana, akamtazama Bi Tabu aliyesimama mlangoni akijipangusa mikono isiyo na maji. Kisha akala cha pili, na cha tatu, na hakuinua kichwa tena mpaka sahani ikabaki nyeupe. Hata punje! Alipoinuka macho yake yalikuwa na unyevu, akainama chini kuliko siku zote.

Siku ile Bi Tabu aliimba jikoni. Sahani tupu aliiweka kando bila kuiosha mpaka jioni, apate kuitazama.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee Nathanaeli alikaa mbele na miwani yake, Osea alikaa pembeni amevaa koti la harusi. Kawabe aliitwa. Alisimama, akainama pande zote, akafungua kijidaftari na kusoma kwa sauti kubwa, kila neno limenyooka.

"Mimi nashukuru Mama Tabu. Wiki tano nakula kwa Mama Tabu. Jumatano Mama Tabu alinipa wali uliochacha, na samaki mbichi. Nilikula yote. Nilikumbuka mama yangu. Asante sana."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Astaghfirullahi," na minong'ono ikaanza kuzagaa. Osea akakohoa ndani ya ngumi, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Bi Tabu," alisema Mzee Nathanaeli, akivua miwani. "Simama. Umempa mgeni wetu wali uliochacha?"

"Haukuchacha, mzee! Ni ndimu! Niliutia ndimu kwa sababu ndivyo wanavyokula kwao, na hilo neno alifundishwa na Enesi kwa utani!"

Watu wakacheka kidogo, wakalegea. Mzee Nathanaeli hakucheka, ila aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Ndimu. Na samaki? Kweli ulimpa mtu samaki asiyepikwa, katika hoteli unayotaka tuipe mchele wa watu?"

Jibu lilikuwa hapohapo ulimini. Hapana, mzee, nilimpika kwenye jani, aliiva kabisa, Enesi ni shahidi yangu. Maneno hayo tu, na mchele ungekuwa wake. Bi Tabu akafungua mdomo. Akageuka akamwona Kawabe bado amesimama, kijidaftari kifuani, anamtabasamia kwa fahari kana kwamba ni yeye aliyemzaa. Nilikumbuka mama yangu. Sasa umwambie mtu huyu, mbele ya mji mzima, kwamba alichomlilia mama yake kilikuwa uongo wa jikoni?

"Ndivyo alivyotaka mgeni," alisema, akakaa.

Kamati haikuchukua hata robo saa. Mchele akapewa Osea na wali wake wa bokoboko.

Jumapili adhuhuri hoteli ilikuwa na meza nne tupu. Kwenye ya tano alikuwa Kawabe, na mbele yake ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, pamoja na mboga za majani. Bi Tabu alimwekea sahani bila kusema karibu. Alitamani kumpiga na mwiko, kisha akaona aibu kwa kutamani.

"Mama Tabu," alisema Kawabe. "Samaki wa Jumatano."

"Ana nini tena?"

"Alipikwa."

Bi Tabu alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye meza ya mteja. "Ulijua?"

"Nilijua. Kipande cha kwanza."

"Na ukasema mbichi! Mbele ya kamati nzima ukasema mbichi!"

Kawabe alipekua kijidaftari kwa haraka, hakupata neno alilotaka, akakifunga. "Mama alihangaika sana. Nikasema mbichi, mama asione aibu. Kwetu ni sifa."

"Sifa! Sifa yako imenilia mchele wangu wote! Ungesema amepikwa ningekuwa na magunia pale ndani, unasikia? Amepikwa! Neno moja!"

Mjapani aligeuka rangi. Alitazama meza tupu, akatazama ng'ambo ambako watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwa Osea, na polepole akaelewa.

"Na Mama Tabu," aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini, "kwa nini hukusema?"

Bi Tabu aliitazama mikono yake. Alikuwa na hasira na Kawabe, na kamati, na ndimu, na zaidi ya yote na huo uungwana wao wawili uliowaponza.

"Kula," alisema. "Ugali unapoa."

Kawabe alikula kidogo, akafika nusu, akasukuma sahani. Akafungua mdomo.

"Usithubutu kuniambia kitamu!" Bi Tabu aligonga meza. "Leo niambie ukweli. Wiki tano unaacha nusu. Kuna nini?"

Kawabe aliinama mpaka paji la uso likakaribia sahani.

"Chumvi," alisema. "Chumvi nyingi sana. Tangu siku ya kwanza."

"Chumvi?"

"Ndiyo maana niliomba samaki mbichi. Wale wakavu... chumvi, chumvi. Samahani, Mama Tabu."

Bi Tabu alibaki amekodoa macho. Akawakumbuka madereva wakinywa maji jagi baada ya jagi, mwaka hadi mwaka, wakisema ahsante Bi Tabu, umetuweza leo. Aligeuka kuelekea jikoni.

"Enesi! Eti mboga zangu zina chumvi?"

Enesi aliinama kwenye karai na kuanza kuosha sahani ambayo alikuwa ameshaiosha.