Ujumbe Ambao Shangazi Hakuufungua

Saa tatu asubuhi fundi wa kompyuta wa maabara alisoma tangazo lililomkausha mate. Programu waliyotumia kusomea barua pepe ilikuwa na tundu: ukifungua tu ujumbe uliotegwa, bila kubofya kitu, mwizi anaingia na kusoma barua zako zote. Na barua za maabara ile zilikuwa majibu ya wagonjwa.

"Daktari, naomba nizime barua pepe kwa saa moja," alimwambia mkuu wake.

"Leo? Hospitali tatu zinasubiri majibu!"

"Tutazipigia simu. Afadhali zisubiri kuliko siri za watu zizagae mitaani."

Daktari alikuna kidevu. "Haya, zima."

Alizima, akaweka toleo jipya lililozibwa tundu, kisha akaanza kupekua kumbukumbu za mtambo. Hapo akagutuka. Ujumbe uliotegwa ulikuwa umeshaingia tangu Jumatatu, siku tatu nzima, kwenye sanduku moja: la Shangazi wa mapokezi. Naye Shangazi halazi barua. Hufungua hata matangazo ya magodoro.

Fundi alishuka ngazi mbilimbili.

"Shangazi, shikamoo. Jumatatu uliletewa ujumbe unaoitwa 'Ratiba Mpya'. Uliufungua?"

"Marahaba." Shangazi alianza kupanga faili ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mwanangu, usinicheke."

"Sikucheki."

"Sijafungua chochote wiki hii. Ijumaa iliyopita nilibadilisha neno la siri kama ulivyotuagiza, nikalisahau. Hii ni mara ya nne, nikaona haya kukwambia. Kila anayeuliza namwambia apige simu."

Fundi aliinama kwenye kompyuta ya mapokezi, akatazama kumbukumbu tena. Kweli: tangu Ijumaa hakuna aliyeingia kwenye sanduku lile. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akacheka mpaka machozi.

"Si umesema hunicheki!"

"Sikucheki, Shangazi wangu. Ungelikumbuka hilo neno, leo tungekuwa tunalia."

Alifuta ule ujumbe, akampigia Daktari. "Hakuna aliyeingia. Hata mmoja."

Daktari alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi. Nilishaanza kuwaza nitawaambia nini wagonjwa."

Shangazi alikuwa amesogeza kiti chake karibu. "Sasa nitungie neno la siri jingine," alinong'ona, "lakini lisiwe na zile alama zako za ajabuajabu."