Siku Nane za Ngano

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, kijiko kiligonga ukingo wa kikombe cha bati mara tatu. Mwokaji alikuwa amesimama mbele ya tanuri, mikate ya mwisho ikiwa ndani. Upande wa pili wa ukuta akasikia sauti ya baba yake.

"Fungua mdomo, mchumba. Hiki cha mwisho."

"Hata jana ulisema cha mwisho, we mzee muongo!"

"Jana nilikuwa sijatoa posa. Fungua."

Mtoto alicheka, kisha akafungua. Alikuwa na miaka mitano, tumbo limetuna, mikono na miguu kama njiti. Babu yake alikuwa akimlisha mkate wa moto uliolowekwa kwenye maziwa, ile sehemu laini ya katikati tu. Maganda aliyala mwenyewe.

Mwokaji hakuwa mtu wa mizimu. Aliamini mizani, saa na kipimajoto cha tanuri. Lakini mlio ule wa kijiko kwenye bati aliujua kwa miaka thelathini na miwili, na kila alipousikia mikono yake iliacha kazi bila kuulizwa. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, na kazi yake ilikuwa kukishika kikombe ili maziwa yasimwagike. Aliyelishwa alikuwa dada yake mdogo, waliyemwita Unyoya kwa wepesi wake. Mkono uliolisha ulikuwa huu huu wa baba yao. Unyoya alifariki akiwa na miaka minne, na watu wakasema ni tumbo, basi. Mzee ndiye aliyekuwa na maelezo marefu zaidi: tanuri lilipasuka mwaka ule, likakaa wiki saba bila moto, mtoto akala viazi na wali, na mkate ulipomrudia alikuwa keshachelewa kupata nguvu. Kwa hiyo mjukuu hakukosa mkate hata siku moja.

Jana yake mwokaji alikuwa hospitali, kuchukua majibu yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ametibiwa amiba, vidonda vya tumbo na upungufu wa damu, na hakuna dawa iliyomfaa. Safari hii walimwingiza kamera kupitia mdomoni, wakakata vipande vidogo vya utumbo, wakavipima.

"Ni ngano," daktari alimwambia. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiyepoteza maneno. "Utumbo una vinyweleo vya kufyonza chakula. Vyako vimelala kama zulia lililokanyagwa. Ugonjwa huu unaitwa seliaki. Hauponi, ila ukiacha ngano maisha yako yote, vinyweleo vinasimama tena. Kazi yako nini?"

"Naoka mikate."

Daktari alimtazama. "Pole. Wazazi, ndugu na watoto nao wapimwe. Kwenu kuna mwingine aliyesumbuliwa hivi?"

"Hapana."

Mwokaji alifika mlangoni, akarudi.

"Alikuwepo mmoja. Na nina binti ana tumbo kama lake."

"Huyo mmoja alikuwa anakula nini?"

"Mkate. Wetu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Aliyezikwa siwezi kumpima, kwa hiyo usiniulize. Mlete binti. Maabara inafanya kipimo hiki Alhamisi tu, na ya kesho imejaa. Mlete ya wiki ijayo. Na sikiliza vizuri: usimwachishe mkate kabla. Ukimwachisha, damu itatulia na kipimo kitadanganya."

Ndiyo maana, saa moja kasoro dakika kumi, mwokaji alisimama mbele ya tanuri na hakuvuka ukuta.

Mkewe alikuwa dukani mbele, akipanga mikate. Yeye alikuwa ameambiwa yote.

"Mwambie baba yako," alisema kwa sauti ya chini.

"Nikimwambia leo, ataacha leo. Kipimo kitaharibika."

"Na kipimo kikishapita?"

Mwokaji alirudi kwenye tanuri, akatoa mikate. Siku ya pili kijiko kiligonga mara nne. Siku ya tano mtoto alitapika, na mzee akamfuta, akamwimbia, akaloweka kipande kingine. Mwokaji aliyaona hayo kupitia mlango uliokuwa wazi. Mtoto alikuwa amempa kisogo, na shingo ile nyembamba haikuwa na umri wala mwaka; kwa muda mwokaji hakuweza kusema ni nani aliyekaa pale. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imejikunja kifuani, kana kwamba imeshika kikombe. Aliishusha, akaenda kupima chumvi.

Siku ya nane damu ilitolewa. Jumatatu iliyofuata, saa nane na robo mchana, mwokaji alirudi na karatasi, akamkuta baba yake nyuma ya jengo amekaa juu ya gunia la unga.

"Mtoto anao, baba. Ugonjwa ule ule wangu. Kuanzia leo asiguse mkate, wala makombo, wala kijiko kilichogusa mkate."

"Mkate? Mkate huu huu uliokusomesha wewe?"

"Huu huu."

"Daktari gani huyo? Kasomea wapi?"

"Baba."

 Mzee alipanguza paja lake, ingawa halikuwa na kitu.

"Na yule wangu?"

"Hakupimwa. Hakuna anayeweza kusema."

"Sijakuuliza habari za kupimwa. Nakuuliza habari za tanuri. Wiki zile saba alikuwaje?"

Mwokaji angeweza kusema alikuwa mdogo, amesahau. Lakini hakusahau. Wiki ya sita mama yao alifumua gauni la Unyoya kiunoni, kwa kuwa lilikuwa linambana.

"Alinenepa," alisema.

"Akaanza kukimbia."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakimbilia kulitengeneza tanuri lile. Nikachanganya udongo hata Ijumaa, ili awahi kula."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mzee aliinuka, akaenda kwenye bomba la uani, akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko.

Mtoto alitokea mbio, akasimama nyuma yake. "Babu, nibebe."

"Ngoja, mchumba. Nina unga."

Saa tisa kamili mwokaji alitoka nje. Bomba lilikuwa bado wazi, na sabuni imebaki kipande. Mzee alikuwa akisugua chini ya kucha kwa ncha ya msumari, ngozi ya mikono imekuwa nyekundu. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimhesabia.

"Hiyo ni mara ya sita, babu," alisema. "Umeshatakata."

"Ngoja kidogo," mzee alisema, akachukua tena sabuni.